Shoki ya Nyuma, Kushoto

Mume wangu akinyamaza ndani ya gari, najua barabara imemfikia mgongoni. Hilo sikuambiwa na daktari wala fundi. Nilijifunza mwenyewe, mikono ikiwa kwenye usukani na masikio yakiwa nyuma.

Alikuwa mwezekaji wa makuti. Hoteli nyingi za Diani amezipanda paa, na nyingine amezipanda mara mbili, maana makuti nayo yana umri wake. Siku moja upau ulioliwa na mchwa ulimkatikia, akaanguka chali juu ya sakafu mpya ya baa ambayo hata mgeni wa kwanza alikuwa hajaikanyaga. Alipasuliwa mgongo Mombasa, akatiwa skrubu. Daktari akanikalisha na kunipa masharti. Apelekwe mazoezi ya viungo Msambweni mara mbili kwa wiki, asikose hata siku moja. Akikosa, miguu itamsahau. Na akiwa njiani asitikisike.

Asitikisike! Nilimtazama daktari yule nikaona wazi kwamba hajawahi kufika kwetu. Sisi tunakaa bara ya Msambweni, ng'ambo ya mashamba ya miwa. Kutoka mlangoni petu hadi kwenye lami ni udongo mwekundu mtupu, uliosagwa na malori ya miwa hadi ukajikunja kama bati. Ukipita polepole unatikisika mwili, ukipita haraka unatikisika roho. Greda huja wakubwa wanapotaka kura, hulainisha wiki moja, kisha mvua hurudisha kila shimo mahali pake.

Basi nikatafuta njia. Gari letu ni kuukuu, la aina ya mkia mrefu lenye nafasi ya mizigo nyuma. Nikang'oa viti vya nyuma, nikatandika godoro la sufi na mito miwili. Kisha nikaenda Ukunda kununua shoki nne mpya. Shokomzoba, ukitaka jina lake refu: zile silinda zenye mafuta ndani, moja kwa kila gurudumu, ambazo humeza kishindo cha shimo kabla hakijamfikia aliye juu. Springi hulibeba gari, shoki hulituliza. Tabu ya shoki ni kwamba ikifa gari halizimiki. Linaendelea kwenda vizuri tu, likidundadunda, na anayeijua habari ni yule aliyelala ndani.

Shoki zilikuja na kadi ya waranti ya mwaka mmoja. Niliisoma mbele na nyuma, kwa sababu mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na sitii sahihi kitu nisichokisoma. Nyuma kulikuwa na maandishi madogo kwamba shoki itabadilishwa iwapo itathibitika kuwa imeharibika. Haikusemwa nani atathibitisha, wala kwa kipimo gani. Nilipaswa kuuliza siku ile ile. Sikuuliza, na hasira zangu za baadaye lazima nigawe fungu moja nijipe mwenyewe.

Miezi ya mwanzo ilikuwa mizuri. Mume wangu alikuwa akinisimulia hadithi njiani, amelala chali, macho kwenye dari la gari. Alinisimulia habari za kima aliyemwibia koleo juu ya paa akakaa nayo siku tatu juu ya mkwaju, akiigongagonga kila alfajiri ili wageni waamke. Alinisimulia habari za mgeni mmoja wa kizungu aliyepanda ngazi na nguo za kuogelea kumuuliza kama makuti huliwa. Hadithi moja ilimtosha kutoka mlangoni hadi kwenye lami, na kama haikutosha aliiongeza chumvi. Nilikuwa nacheka hadi naogopa kukosa njia.

Mwezi wa tisa au wa kumi hadithi zilianza kukatika. Alikuwa akifika katikati ya neno, pale kwenye kidaraja cha mashamba ya miwa, ananyamaza.

"Halafu?" nilikuwa namuuliza.

"Hebu tupite hapa kwanza."

Tukipita, hamalizi. Baadaye akawa haanzi kabisa. Nikimtazama kwenye kioo namwona ameshika mpini wa juu ya mlango kwa mikono miwili, midomo imefungwa. Nikimuuliza kama anaumwa, anasema alhamdulillahi, haumwi. Watu wa aina yake huniudhi sana. Atashukuru hata akiwa anachinjwa. Kule Msambweni yule dada wa mazoezi akaniuliza mbona mgongo umekakamaa tena, mbona tumerudi nyuma. Mume wangu akamjibu kwamba labda ni baridi. Baridi, Msambweni!

Siku hiyo nikamwacha mume wangu mazoezini, nikalipitisha gari kwa fundi wangu, mtu mzima mwenye gereji ya mabati karibu na soko. Hakuhitaji mashine. Alikwenda pembe ya nyuma kushoto, akaikandamiza kwa mikono miwili na uzito wake wote, akaiachia. Gari likapanda, likashuka, likapanda, likashuka, likapanda tena.

"Shoki nzima hupanda mara moja ikatulia," akaniambia. "Hii inacheza ngoma."

Akanipitishia kiganja juu ya tairi nikasikia mabonde, pamelika hapa na pale, si sawasawa, kwa kuwa gurudumu lilikuwa likiruka na kutua. Mwisho akaniinamisha nitazame chini. Shoki ilikuwa imevaa koti la vumbi lililolowa mafuta, jeusi, kutoka juu hadi chini.

"Hayo mafuta ndiyo shahidi wako, mwalimu. Yapeleke hivyo hivyo kwa waliokuuzia. Kadi yako bado ina uhai?"

Ilikuwa imebaki na wiki moja na siku moja. Ilikuwa Alhamisi. Nikapanga kwenda Ukunda Jumamosi, siku nisiyofundisha.

Nyumbani nikasema maneno machache mno. Nilisema, "Jumamosi napeleka gari kwa wenyewe."

"Wale waliotuuzia shoki?"

"Hao hao."

"Vizuri," akasema mume wangu. Sikumweleza habari za mafuta. Sikuona sababu. Nilikuwa na madaftari ya kusahihisha.

Sasa nieleze jambo moja ambalo kwetu halielezwi, kwa sababu kila mtu amezaliwa nalo. Chombo cha watu hakirudishwi na uchafu. Sufuria ya kuazima unaisugua hata masizi uliyoikuta nayo. Na mtu akienda kwa watu kudai haki yake, huoga kwanza, huvaa kanzu iliyopigwa pasi, hujitia na mafuta mazuri, ili anayemsikiliza asipate pa kumdharau. Mume wangu, mama yake alimlea hivyo. Mama yangu alinilea hivyo. Ningekuwa na akili ningelikumbuka.

Ijumaa nilikwenda shule kwa miguu, nikapitia matangani kwa jirani, nikarudi alasiri. Nikakuta gari linang'aa uani hadi nikaona uso wangu mlangoni. Magurudumu yalikuwa yamesuguliwa hadi chuma kikaonyesha rangi yake.

"Limeoshwa," akasema mume wangu kutoka barazani.

Nikafurahi. Nikadhani amemwomba jirani. Nikasema shukrani kwa aliyeosha, nikaingia ndani kupika. Sikuinama kutazama chini. Hilo nalo nijipe.

Jumamosi asubuhi nikafika Ukunda. Duka lile lina uwanja wa saruji ubavuni ambako magari hukaguliwa, na mkaguzi alikuwa kijana wa kutoka bara ya mbali, mwenye ubao wa kuandikia na kalamu iliyofungwa kwa uzi.

"Sasa mathe. Shida ni gani?"

Nikamngoja amalizie salamu. Hakuwa na nyingine.

"Shoki zimekufa," nikasema. "Ya nyuma kushoto inavuja mafuta. Hii hapa kadi."

Akalala juu ya kibao chenye magurudumu, akajisukuma chini ya gari na tochi. Hakukaa huko muda mrefu.

"Hii haivuji."

"Haivuji vipi? Fundi amenionyesha juzi kwa macho yangu."

"Kuja uone."

Nikapiga magoti kwenye saruji na buibui langu, nikatia kichwa chini. Shoki ile ilikuwa safi kuliko sahani zangu za Idi. Vumbi hakuna, mafuta hakuna. Juu kabisa, pale chuma kinapoingilia, palikuwa na unyevu mwembamba, kiasi cha ukucha.

"Na ule pale juu ni nini?"

"Hiyo ni jasho. Jasho ni kawaida, shoki zote hutoka jasho. Kampuni inabadilisha ikivuja, mafuta ishuke mpaka chini. Jasho hawabadilishi."

"Likandamize basi gari, ulione linavyoruka."

Akalikandamiza. Likaruka mara tatu, mbele yake na mbele ya wateja wawili waliokuwa wakinunua taa.

"Hizo ni barabara zenu, mathe."

"Na tairi lenye mabonde?"

"Hiyo ni alaimenti, tairi hazijanyooshwa."

Kila nilichomletea alikuwa na mahali pa kukitupa. Nikamwambia kuna mgonjwa analala humu ndani, nikamwonyesha godoro. Akalitazama godoro, akatazama karatasi yake, na karatasi haikuwa na mstari wa godoro. Ilikuwa na mstari mmoja tu wa kuvuja, na vijumba viwili, cha ndiyo na cha hapana.

"Ungekuja na mafuta imejaa ningekupa ingine saa hii hii," akasema, na nadhani alikuwa anasema kweli. "Lakini mimi naandika chenye naona."

Akatia alama kwenye hapana. Nimetia alama za kosa kwenye madaftari ya watoto wa watu kwa miaka ishirini na sita, na sikujua zinaingia hivi. Akaniambia nirudi ikivuja. Nikamuuliza itakuwaje kadi ikifa kabla haijavuja. Akawageukia wale wateja wa taa.

Nilirudi nyumbani nikiendesha kama mwendawazimu, maana nilikuwa peke yangu na sikuwa na mgongo wa mtu wa kuuchunga. Gari liliruka nikaliacha liruke. Nilimlaani kijana na kalamu yake ya uzi. Nililaani kampuni iliyoamua, huko iliko, kwamba shoki hufa siku inapotoa mafuta hadi chini na si siku inapomnyamazisha mtu. Lakini laana kubwa niliiweka kwa yule aliyeishika shoki yangu akaifuta. Nilikuwa nimemtengenezea maneno yake, nikayarudia kutoka kwenye lami hadi uani. Nikazima gari, sikusalimu, nikasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani:

"Ni nani mpumbavu aliyelifuta gari langu?"

Mume wangu alikuwa ameketi barazani na kikombe cha chai. Akakiweka chini taratibu.

"Ni mimi," akasema.

Nikamwangalia mikono. Kucha zote kumi zilikuwa na weusi wa mafuta ambao sabuni haikuutoa, na tangu jana sikuuona. Kiwiko kimoja kilikuwa kimechunika.

"Ulisema unakwenda kwa wenyewe," akasema. "Nikaona si vizuri lifike kwao na tope. Nilianza na vioo, nimesimama na gongo langu. Nikaona naweza. Nikavuta kigoda nikafanya milango. Halafu nikatandika mkeka nikashuka chini kabisa. Nilikuta uchafu mwingi wa mafuta huku nyuma, umeganda, nikautoa kwa kitambaa na mafuta ya taa. Asubuhi nzima ilikwisha hapo. Nimeinama, mwalimu. Nikainuka mwenyewe. Nilikuwa nangoja uniulize nani ameosha."

Tangu aanguke hakuwa ameinama. Kuvaa viatu namvalisha mimi. Mke mwenye moyo mzuri angepiga vigelegele. Mimi nilisimama pale na hasira yangu mkononi, nimeibeba njia nzima kumletea mwenyewe, na mwenyewe ndiye huyu. Sikumwomba radhi. Niliingia jikoni, nikakaa juu ya mbuzi, nikakuna nazi mbili ambazo hakuna aliyezihitaji.

Jumapili nikamfuata fundi nyumbani kwake. Alicheka hadi akashika ukuta, kisha akaona uso wangu akaacha.

"Mafuta yatarudi," akasema, "lakini polepole, wiki mbili tatu. Kadi yako haitangoja. Sikiliza, mwalimu. Nina mafuta machafu ya injini kwenye debe. Tutaipaka, tutainyunyizia vumbi, kesho hakuna atakayejua."

Nilifikiria. Nisiseme uongo hapa, nilifikiria sana. Ila hasira niliyokuwa nayo haikuwa ya kuridhika na mafuta ya kupaka. Shoki ilikuwa imekufa kweli. Kwa nini niipambe kifo cha uongo ili mtu aamini kifo chake cha kweli? Nikamshukuru fundi, nikaondoka.

Jumatatu nikaomba ruhusa shuleni. Nikamlaza mume wangu kwenye godoro, nikamwambia tunakwenda Ukunda. Hakuuliza kitu. Tangu Jumamosi alikuwa haniulizi kitu. Njiani nilikwenda kwa mwendo wa mtu anayefuata jeneza, na bado kwenye kidaraja nikasikia pumzi yake imekatika.

Nikafika dukani, nikaliegesha gari mlangoni pa uwanja, kwa upana, hata baiskeli isipite. Nikachukua ufunguo nikautia kifuani.

"Mathe, hapo umefunga njia."

"Shikamoo ni neno moja tu," nikamwambia. "Lakini liache. Fungua mlango wa nyuma, panda."

"Nipande wapi?"

"Hapo kwenye godoro. Ulale."

Akacheka. Akatazama wenzake wamsaidie kucheka, wakajishughulisha na maboksi.

"Mathe, mi niko kazini."

"Hii ndiyo kazi yako. Umeandika shoki ni nzima. Njoo ulale juu ya ulichokiandika."

Nyuma yangu lori la mzigo lilikuwa limeanza kupiga honi. Nikajibanza mlangoni kama mtu aliyekuja kukaa mwaka. Sijui ningefanya nini kama angekataa kabisa. Huenda ningelia, na hilo ndilo nililokuwa nikiliogopa kuliko yote. Lakini kutoka ndani ya gari mume wangu akasema kwa sauti ile ile anayokaribishia wageni nyumbani:

"Karibu, mwanangu. Vua viatu tu, godoro ni jeupe."

Kijana akavua viatu. Sidhani alijua anavivua. Akavipanga vizuri ukutani, akapanda, akalala kando ya mume wangu, miguu imejikunja kwa urefu wake, ubao wa kuandikia ukiwa kifuani.

Kuna njia ya udongo inayotoka nyuma ya Ukunda kwenda bara, yenye mawe ya matumbawe yaliyochomoza na mifereji ya mvua. Nikaingia humo. Na niseme kweli, sikumwonea. Nilikwenda mwendo ule ule ninaokwenda na mume wangu, mkono ule ule, mguu ule ule kwenye breki. Shimo la kwanza nikasikia ubao umeanguka. La pili nikasikia kichwa kimegonga bodi.

"Wuui! Mathe, polepole!"

"Hii ndiyo polepole."

Mume wangu hakusema neno. Tulipita pale penye mawe, gari likapanda na kushuka, likapanda na kushuka, halikutulia hata lilipofika pa tambarare, na kila liliposhuka upande wa kushoto lilishuka zaidi. Kijana akaacha kulalamika. Baada ya muda nikamsikia anauliza kwa sauti ndogo:

"Mzee, unapitishwanga hivi kila siku?"

"Mara mbili kwa wiki," akasema mume wangu. Meno yake yalikuwa yamebanana. "Alhamdulillahi."

Nikatazama kwenye kioo. Kijana alikuwa amegeuka ubavu, na mkono wake mmoja alikuwa ameupitisha chini ya kiuno cha mume wangu, amekikinga, na kila gari lilipodunda aliupokea mdundo kwa mkono wake. Uso wake ulikuwa umekunjamana kwa maumivu. Nilitaka kuendelea kumchukia, nikapungukiwa nguvu. Nikageuza gari.

Tuliporudi alishuka ameshika kiuno, akaenda kuleta tochi bila kuvaa viatu. Akajisukuma chini ya gari. Safari hii alikaa. Nami nikapiga magoti nikaangalia. Mafuta yalikuwa yameteremka urefu wa kidole kimoja kwenye chuma kile kilichofutwa, yakakomea hapo. Kufika chini bado, hata nusu bado.

Kijana akatoka, akashika kalamu yake ya uzi, akatia alama kwenye ndiyo.

"Imefika chini?" nikamuuliza. Sijui kwa nini nilimuuliza. Mwalimu huwezi kumfunga mdomo.

"Mi naandika chenye naona," akasema.

Akaandika moja. Nikamwambia shoki hubadilishwa mbili mbili, kushoto na kulia, mpya haiwezi kufanya kazi na kuukuu. Akafungua mdomo anieleze karatasi inavyosema, kisha akajishika kiuno, akafuta moja akaandika mbili. Zikafungwa hapo hapo. Tulipokuwa tunaondoka alikuja dirishani kwa mume wangu, akasema, "Shikamoo, mzee." Mimi akaniambia, "Haya, mathe."

Nikashika njia ya nyumbani nimeshinda. Naapa sikuwahi kuendesha gari laini namna ile. Tuliacha lami, tukaingia kwenye udongo wa miwa, na gari likawa linapanda mara moja, linatulia. Likipanda, linatulia. Nikatega sikio nyuma. Nikapunguza mwendo, nikazima redio. Kidaraja kikaja, tukakipita kana kwamba hakipo. Nikangoja hadithi.

Haikuja.

Nikatazama kwenye kioo. Mikono yake haikushika mpini. Ilikuwa imelala kifuani, imetulia, kucha bado nyeusi. Haumwi. Macho yake yalikuwa kwenye dari la gari, na midomo yake imefungwa vile vile kama wakati wa shoki zilizokufa. Ndipo nikalisikia lile neno langu, lilivyotoka uani siku ya Jumamosi, mpumbavu, hadi majirani wakanyamaza. Mtu ameinama mara ya kwanza tangu apasuliwe, amelala chini ya gari na kitambaa, ili mkewe asidharauliwe mbele ya watu. Na mimi nilikwenda Ukunda mara mbili kumtafuta anayemuumiza.

 Kufoka ninajua, kuomba radhi sikufundishwa.

Tukafika. Gari la shoki mpya lilikuwa limejaa vumbi la Ukunda na la kwetu, mlango hadi mlango. Nikamsaidia kukaa barazani. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba, nikajaza ndoo maji, nikachukua sabuni, kitambaa, kigoda na mkeka. Nikaviweka vyote miguuni pake. Hata hapo sauti ilinitoka kwa ukali, sina nyingine.

"Gari limechafuka," nikasema.

Akaitazama ndoo. Akanitazama mimi kwa muda mrefu, hadi nikataka kuirudisha ndoo nilikoitoa.

"Na hizi mpya," akasema, "nizifute au nisizifute?"

"Zifute," nikamwambia. "Zifute zing'ae. Siku wakitaka kujua kama zimekufa, watavua viatu walale kwenye godoro."

Akanyoosha mkono. Nikaushika, nikamshusha polepole hadi kwenye mkeka, akalowesha kitambaa, akakikamua, akaanza na gurudumu la nyuma, kushoto.

"Yule kima," akasema, "nilikwambia koleo aliirudisha vipi?"

"Hukuniambia," nikasema, na nikakaa chini kando yake.